Viwanda Kwanza, Usafi Baadaye? Uhakiki wa Hoja Moja Kutoka Singida Mjini

Katika semina, katika vikao vya matawi, hata katika insha za wanafunzi wetu, hurudiwa hoja moja ambayo kwa muda mrefu imeachwa bila kuhakikiwa. Hoja hiyo husema hivi: nchi maskini haiwezi kujishughulisha na usafi wa hewa na maji kabla haijawa na viwanda, waliotutangulia walichafua kwanza wakasafisha baadaye, basi na sisi tuchafue, tutajirike, halafu tusafishe. Wengine huongeza kwamba anayezungumzia mazingira anazungumza lugha ya mabwana wa Ulaya, wanaotaka Mwafrika abaki na jembe la mkono hadi kiama.

Hoja hii ina nguvu kwa sababu nusu yake ni kweli. Ni kweli kwamba nchi isiyotengeneza kitu hubaki kuuza jasho lake kwa bei ya kutupwa. Mkulima wa alizeti wa Iramba, Mkalama au Ikungi aliyekuwa akiuza mbegu ghafi na kununua mafuta ya kula yaliyotoka ng'ambo anaijua hasara hiyo kuliko mwandishi yeyote wa vitabu. Mashine za kukamua alizeti zilizoenea mkoani kwetu, kuanzia vinu vidogo vya mtaani hadi viwanda vikubwa vya kusafisha mafuta, ni hatua mbele. Hatuandiki makala hii kuzipinga. Tunaandika kuuliza swali ambalo hoja ya "viwanda kwanza" hulikwepa kwa ustadi mkubwa: inaposemwa "tuchafue", huyo "sisi" ni nani? Anayechafua na anayechafuliwa ni mtu mmoja?

Tukiliacha swali hili, mazungumzo yote juu ya uchafuzi hugeuka mazungumzo ya ufagio. Kosa hilo kwetu si geni. Mwaka 1973 taifa lilifanya kampeni kubwa ya Mtu ni Afya, na watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi vya redio kujifunza juu ya vyoo, maji ya kunywa, mbu na kichocho. Ilikuwa kazi ya kusifiwa, na vyoo vilichimbwa kweli. Lakini somo lililobaki vichwani mwa viongozi wengi likawa fupi kuliko kampeni yenyewe: kwamba uchafu ni tabia ya mwananchi, hutoka nyumbani kwake, na dawa yake ni kumhimiza au kumtoza faini. Katika miaka hiyo hiyo viwanda vyetu vilikuwa vikijengwa, na maji yaliyotoka katika mabomba yao hayakuwa tabia ya mtu yeyote. Hayakuwa na mwenyewe. Mama aliyemwaga maji ya kuoshea vyombo barabarani aliitwa mbele ya balozi. Bomba lililomwaga maji ya rangi mtoni halikuitwa popote.

Tuanze na Dar es Salaam, kwa kuwa ndiko hoja hii ilikojaribiwa kwa vitendo kwa muda mrefu kuliko kwingineko nchini. Mto Msimbazi huanzia katika vilima vya Pugu, hupita Vingunguti, Kigogo na Jangwani, na huingia Bahari ya Hindi karibu na daraja la Salenda. Kandokando yake na kandokando ya vijito vyake vilipangwa viwanda vya nguo, vya bia, vya rangi na vinginevyo, pamoja na machinjio ya Vingunguti. Kiwanda cha Nguo cha Urafiki, kilichofunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa China, kilikuwa fahari ya taifa, na wenye umri wao wanakumbuka khanga zake. Maji yenye rangi kutoka viwanda vya nguo yaliingia katika bonde hilo miaka nenda miaka rudi. Wakati huo huo wakazi wa bondeni walilima mchicha na matembele kwa maji ya mto huo huo na kuuza sokoni, na wataalamu waliochunguza mboga na udongo wa bonde hilo wamekuta humo madini mazito, risasi ikiwa mojawapo.

Hapa pana jambo la nadharia ambalo makada wanapaswa kulitafakari bila haya. Viwanda vingi vya miaka ile vilikuwa mali ya umma. Kwa mantiki ya vitabuni, mali ya umma haiwezi kumnyonya umma. Lakini mto nao ulikuwa mali ya umma, na hewa, na mapafu ya wakazi wa Kigogo. Meneja wa shirika la umma alipimwa kwa mita za nguo alizotoa na faida aliyoonyesha. Hakupimwa kwa kilichopita chini ya ukuta wake. Kwa hiyo kiwanda cha umma kilihamisha sehemu ya gharama zake kutoka katika vitabu vyake vya hesabu na kuitwika sehemu ya umma iliyo dhaifu zaidi, na hakuna karani aliyeiandika popote. Si sisi peke yetu. Umoja wa Kisovieti ulichepusha maji ya mito ya Asia ya Kati kumwagilia pamba, na Bahari ya Aral ikakauka sehemu kubwa, ikiacha chumvi na mabaki ya dawa za mashambani kupeperushwa na upepo juu ya vijiji vya wavuvi. Kubadilisha mwenye hati ya kiwanda ni jambo moja, na kumpa jirani wa kiwanda sauti juu ya kiwanda ni jambo jingine. Mwenye kuchanganya mambo haya mawili atashangaa kila mara.

Viwanda vilipobinafsishwa katika miaka ya 1990 na baadaye, uhamishaji huo wa gharama haukukoma. Kilichobadilika ni kwamba faida sasa ilikuwa ya mtu binafsi waziwazi, huku gharama ikiendelea kuwa ya umma. Katika hili, hoja ya "viwanda kwanza" ilimfaa mwekezaji vizuri zaidi kuliko ilivyolifaa shirika la umma, kwani sasa aliweza kusema maneno ya ujenzi wa taifa na kuweka tofauti mfukoni.

Lakini funzo kubwa kuliko yote la Dar es Salaam halikutoka kiwandani. Lilitoka jalalani. Kwa miaka mingi Halmashauri ya Jiji ilitupa taka zake Tabata. Mahali hapo palipoanza kutumika hapakuwa na watu wengi. Jiji likakua, nyumba zikakaribia, na taka zikaendelea kuwaka usiku na mchana, pamoja na moshi, nzi na uvundo. Wakazi walilalamika kwa njia za kawaida, kama sisi sote tunavyolalamika, wakachoka. Mwaka 1988 walikwenda Mahakama Kuu, wakashinda, na Jiji likaamriwa kuacha. Halmashauri iliporudi mahakamani kuomba iongezewe muda wa kuendelea kutupa taka palepale, Jaji Lugakingira alikataa, akaonyesha mshangao wake kwamba chombo cha umma kinaweza kusimama mbele ya mahakama na kuomba ruhusa ya kuchafua mazingira na kuhatarisha maisha ya watu.

Wengi husimulia habari hii hadi hapo tu, wakaiita ushindi. Sisi tunaomba wasomaji waendelee. Taka za jiji hazikuyeyuka kwa amri ya mahakama. Zilipakiwa kwenye malori yale yale zikapelekwa Kunduchi Mtongani. Mwaka 1991 wakazi 750 wa huko nao walikwenda Mahakama Kuu, wakashinda nao, safari hii kwa msingi wa ibara ya 14 ya Katiba, yaani haki ya kuishi, iliyokuwa imeingizwa katika Katiba kwa mabadiliko ya mwaka 1984 pamoja na haki nyingine. Malori yakageuka kwenda Vingunguti. Baadaye yakaenda Mtoni. Mwisho yakaenda Pugu Kinyamwezi, pembezoni mwa jiji. Mtu akichukua ramani na kuunganisha vituo hivi kwa kalamu, atapata mstari unaokwepa, hatua kwa hatua, kila mahali palipokuwa na watu walioweza kupata wakili, hadi ukafika kwa wasioweza.

Hiki ndicho tunachokiita haki ya mazingira, na ndicho hoja ya "viwanda kwanza" isichokiona. Uchafu una tabia ya maji: huteremka. Hauteremki kwa mwinuko wa ardhi peke yake, bali kwa mwinuko wa madaraka. Huko Marekani, mwaka 1982, serikali ya jimbo la North Carolina ilianza kuzika udongo wenye sumu katika Wilaya ya Warren, penye watu weusi wengi na maskini wengi. Wananchi walilala barabarani mbele ya malori, na zaidi ya 500 wakakamatwa. Malori yalipita hata hivyo. Katika India, usiku wa Desemba 1984, gesi ya kiwanda cha Union Carbide huko Bhopal iliua maelfu, na waliokufa kwanza walikuwa wa vibanda vilivyobanana na ukuta wa kiwanda. Na jirani hapa, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwatia sumu ya risasi wakazi wa kijiji cha Owino Uhuru. Phyllis Omido, aliyewahi kuajiriwa hapo na ambaye mtoto wake alikutwa na risasi mwilini, aliongoza mapambano. Julai 2020 mahakama ilitoa hukumu ya fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3, Mahakama ya Rufani ikaitengua mwaka 2023, na Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024. Kiwanda chenyewe kilikuwa kimekwisha kufungwa miaka mingi kabla. Risasi iliyomo katika mifupa ya mtoto haikungoja rufani.

Mtu wa "usafi baadaye" na atueleze hapo: baadaye ni lini? Mto unaweza kusafishwa, kwa fedha nyingi. Mwaka 2022 serikali ilianza mradi wa bonde la Msimbazi kwa mkopo mkubwa wa Benki ya Dunia, na mkopo huo utalipwa na walipa kodi wa nchi nzima, pamoja na mkulima wa alizeti wa Ikungi ambaye hajawahi kuuona mto huo. Azimio la Arusha lilikwisha kulieleza jambo hili mwaka 1967, lilipoonya kwamba mikopo hujenga mijini ilhali hulipwa kwa mazao ya shambani. Hapa unyonyaji huo umeongezewa tabaka jingine: kwanza viwanda vilijengwa mjini, kisha uchafu wa viwanda unasafishwa mjini, na mlipaji ni yule yule mara zote mbili.

Sasa tuje Singida. Baadhi ya ndugu zetu hapa hudhani kwamba mambo haya ni ya majiji. Kwamba mji wenye watu wanaozidi kidogo 200,000 kwa sensa ya mwaka 2022 hauwezi kulinganishwa na jiji la watu zaidi ya milioni 5. Tunasema kinyume. Mji wetu uko katika hatari kubwa zaidi kwa kila lita inayomwagwa, na sababu yake haihusiani na wingi wa watu. Inahusiana na umbo la nchi.

Msimbazi, pamoja na dhiki zake zote, una mdomo. Unachobeba hufika baharini. Singida haina mdomo. Tumekaa katika Bonde la Kati, ambamo maji ya mvua hayaendi Bahari ya Hindi, wala Ziwa Nyanza, wala Tanganyika. Hukusanyika katika mabwawa na maziwa ya chumvi, na huko hutoka kwa njia moja tu, kwa kukauka juani. Ziwa Singidani upande wa kaskazini wa mji na Ziwa Kindai upande wa kusini ni sahani mbili zisizo na tundu. Chumvi yake ilipatikana kwa namna hiyo hiyo: maji yalikuja na kuondoka, madini yakabaki. Basi kitu chochote kitakachoingizwa humo nacho kitabaki. Jua la Oktoba litachukua maji na kutuachia mengine.

Kiwanda cha kusafisha mafuta ya alizeti hutoa nini? Mashudu si taka. Ni chakula cha mifugo na yana bei. Maganda huchomwa kwenye tanuru, na moshi na majivu yake ni jambo la kuangaliwa. Lakini kazi ya kuyasafisha mafuta ghafi hutumia magadi makali, na maji ya kuyaosha hutoka yakiwa na mafuta, sabuni na magadi. Maji hayo si sumu kama risasi. Yakipitishwa kwenye mtego wa mafuta na mabwawa ya kutuamisha, yakapewa muda, hupoa ukali wake. Yakimwagwa mabichi katika mto mkubwa, huenda yakapotea. Yakimwagwa mabichi katika bonde lisilo na mdomo, mafuta hufunika uso wa maji, yanayooza humeza hewa iliyomo majini, na viumbe vilivyozoea chumvi ya asili hukutana na mgeni wasiyemzoea. Heroe wanaokuja Singidani, na ambao manispaa hupenda kuwatia katika picha zake, hula mwani mdogo sana wa maji ya magadi. Mwani ukibadilika, heroe huhama au hufa.

Tusibishane kwa kubahatisha, kwa kuwa uko mfano. Nakuru, nchini Kenya, ni mji uliokulia kando ya ziwa la magadi lisilo na mdomo, kama wetu. Mji ulikua, viwanda vikaja, majitaka ya mji na ya viwanda yakateremka ziwani. Katika miaka ya 1990 heroe walikufa huko kwa maelfu, na wataalamu waliotafuta sababu wakataja sumu za mwani na madini mazito. Nakuru ilitangazwa jiji mwaka 2021. Ikiwa mtu anataka kuiona Singida ya miaka 30 ijayo, asiende Dar es Salaam. Apande basi la Nakuru.

Tena kuna maji ya kunywa. Mji wetu haunywi maji ya ziwa, kwa sababu ni ya chumvi. Hunywa maji ya visima virefu, kama vile vya Mwankoko. Maji hayo hukaa katika nyufa za mawe ya matale. Tayari asili yenyewe imetupa taabu, maana maeneo mengi ya Singida yana madini ya floridi yanayotia meno rangi ya kahawia na kudhuru mifupa. Kinachoingia katika nyufa hizo hakionekani, hakinuki, na hakuna mashindano ya usafi yatakayokitoa. Mwenye fedha atanunua maji ya chupa. Wa Mandewa na Kindai wasiokuwa nazo watasubiri bomba.

Watu wa "viwanda kwanza" wakifika hapa hutoa silaha yao ya mwisho: ajira. Mnataka kiwanda kifungwe, vijana wakose kazi? Hili ni swali la uongo, na tunalikataa kwa nguvu zote. Mtu wa kwanza kuvuta moshi wa kiwanda ni mfanyakazi aliye ndani ya kiwanda. Jirani wa nje ya ukuta ni wa pili. Na mara nyingi ni mtu mmoja huyo huyo, kwani huishi karibu ili asilipe nauli. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 zinamlinda mtu huyo kwa mikono miwili. Kumgombanisha mtu na mapafu yake mwenyewe ni hila ya zamani ya mwenye mali. Kufunga kiwanda ni adhabu inayomwumiza mfanyakazi kabla ya tajiri. Kinachotakiwa ni kuirudisha gharama ndani ya ukuta: mabwawa ya kutuamisha maji yajengwe pamoja na kiwanda, siku moja, kwa fedha za mwenye kiwanda, wakati bei yake ni ndogo ikilinganishwa na bei ya mitambo.

Wala si kweli kwamba tumekosa sheria. Sheria ya mwaka 2004 inasema kila aishiye Tanzania ana haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na inampa njia ya kuidai. Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira liliundwa kwa sheria ya mwaka 1983. Sheria ya Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inamtaka anayemwaga majitaka awe na kibali cha bodi ya bonde. Kasoro iko kati ya karatasi na mtu. Chukua tathmini ya athari kwa mazingira. Kanuni za mwaka 2005 zinataka pawe na muhtasari wa Kiswahili. Taarifa yenyewe, kwa kawaida, ni kitabu kinene cha Kiingereza kilichotungwa na mtaalamu anayelipwa na mwenye mradi. Wanakijiji huitwa mkutanoni, huambiwa kwamba kiwanda kinakuja, hupiga makofi, na majina yao huambatishwa nyuma ya kitabu kama ushahidi kwamba walishirikishwa. Tumeona makada wakiongoza makofi hayo. Kazi ya kada katika mkutano wa namna hiyo ni kuuliza maji machafu yatakwenda upande gani mvua za Januari zikinyesha, na asikubali kuketi hadi ajibiwe kwa Kiswahili.

Sisi wa Singida tuna bahati moja ambayo miji mingi haina, nayo hatuitumii. Makao makuu ya Bodi ya Maji ya Bonde la Kati yako hapa hapa mjini. Mwanafunzi anaweza kwenda kwa miguu. Matawi na shule zipeleke maombi ya kupewa orodha ya vibali vya kumwaga majitaka vilivyotolewa ndani ya manispaa, na masharti ya kila kibali. Maji yanayoingia Singidani na Kindai yapimwe Septemba na Oktoba, ziwa linapokuwa limepungua, yapimwe tena Machi baada ya mvua, na majibu ya vipimo yabandikwe kwenye mbao za matangazo za kata, pamoja na jina la bomba yalikotoka.